Hanitra Yuko Gari Gani?

"Clémence naye atakuwepo," alisema Madam Corinne bila hata kugeuka, huku akimenya yai la kuchemsha juu ya magoti yake. "Nimemwalika. Atalala chumba cha bluu, jirani na cha Gaspard. Wewe Hanitra utalala juu darini na Léonie. Sawa?"

"Sawa, Madam," Hanitra aliitikia.

Kilichoitikia ni mdomo tu. Moyo wenyewe ulikuwa umeshashuka garini zamani, uko kwenye lami unakanyagwa na magari.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Siku hiyo Ufaransa nzima hukimbilia kusini, wenyewe wanajua kutakuwa na foleni ya kufa mtu, na bado wanaondoka siku hiyo hiyo. Mzee Thierry aliwaamsha usiku wa manane kule Arras akiapa kwamba safari hii watapita Lyon kabla ya wenzao. Wenzao nao, loo, walikuwa wameapa hivyo hivyo. Handaki la Fourvière, la huko Lyon, likawameza nusu ya asubuhi, na walipotemwa upande wa pili walikuta magari yamesimama hadi upeo wa macho. Kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya moto. Na miguuni pa Hanitra, kwa sababu yeye ndiye hukaa nyuma katikati, kati ya Léonie na mabegi, kulikuwa na boksi la jibini la Maroilles ambalo Madam Corinne humpelekea mama yake, Bibi Odette, huko kusini kila mwaka. Jibini lile likipata joto, hata alipendaye hufungua dirisha.

"Na Gaspard anajua kuhusu Clémence?" Mzee Thierry aliuliza.

"Anajua. Nilimwambia Alhamisi kwenye simu."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Utakavyo, Mama.'"

Hanitra alihisi masikio yanavuma. Alhamisi! Alhamisi jioni Gaspard alimpigia simu, wakaongea mpaka betri ikaisha, akamwita mpenzi, akamwita roho yangu, akacheka. Na wakati huo wote alikuwa na neno hilo mdomoni, amelitafuna na kulimeza.

Mwaka mzima sasa Hanitra alikuwa akiishi na familia hii. Alitoka kwao Antsirabe, Madagaska, kuja kumlea Léonie na kujifunza maisha ya watu wengine, na mwezi wa Septemba ruhusa yake ya kukaa ilikuwa inakwisha. Gaspard, kifungua mimba wa nyumba hiyo, alifanya kazi Lille na kurudi kwao Ijumaa. Mapenzi yao yalianza wakati wa theluji ya Februari, wakipokezana koleo la kusafishia njia ya mlangoni, na tangu siku hiyo yalikuwa ya jikoni, ya ngazini, ya kugusana vidole chini ya kitambaa cha meza. Safari hii ndiyo ingeyatoa uvunguni. "Jumapili," Gaspard alimwahidi, "mezani kwa Bibi Odette, mbele ya wote, nitasema. Ukirudi kwenu Septemba, utarudi kuwaaga tu."

Na sasa chumba cha bluu kina mwenyewe.

"Wale walikuwa wachumba, Thierry," Madam Corinne aliendelea, yai limemjaa mdomoni. "Waliachana kwa upuuzi. Ukiwaweka nyumba moja wiki mbili, bwawa lile pale, mizabibu ile pale, mambo yatajipanga yenyewe."

"Mwache kijana aamue."

"Gaspard nikimwacha aamue, ataoa niko kaburini."

"Hanitra, mbona unalia?" Léonie aliuliza. Mtoto wa miaka saba hana siri.

"Silii. Ni hili jibini."

"Hata mimi linaniliza," alisema Mzee Thierry, akapiga mwayo mrefu. "Corinne, nipokee usukani kidogo. Nasinzia."

"Mimi? Barabara kuu? Heri niende baharini kwa miguu."

Hilo lilikuwa linajulikana. Tangu lori lilipombana karibu na Dijon miaka ile, Madam Corinne aliendesha kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, basi. Barabara kuu hata kuitazama kwa dirisha la mbele ilimtoa jasho.

Wakaingia kituo cha mapumziko. Gari dogo la Gaspard, lililobeba baiskeli na nusu ya mabegi, likaegesha pembeni yao. Alishuka akiwa na zile kandambili zake, nywele zimemsimama kwa upepo wa dirishani, na jicho lake la kwanza likamtafuta Hanitra kama kawaida. Siku nyingine angelijibu kwa tabasamu la chinichini. Leo Hanitra aliligeuzia mgongo.

Gaspard hakuelewa. Alimwendea mama yake kwanza. "Mama, kutoka hapa Hanitra atapanda na mimi. Kule nyuma kwenu mmembana mno."

"Mchukue. Lakini jibini haliondoki kwangu."

Ndipo akamfuata Hanitra nyuma ya meza za kulia chakula, kwenye kivuli chembamba cha mti.

"Roho yangu, vipi? Nimemwambia Mama unapanda na—"

"Ulijua tangu Alhamisi."

Uso wa Gaspard ulibadilika rangi. Hanitra alikuwa ameomba kimoyomoyo amwone anashangaa, amwone anauliza, "Nilijua nini?" Hakuuliza. Alijikuna shingo.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Na mama yako ulikuwa unatafuta namna gani ya kumwambia? Utakavyo, Mama!"

"Humjui Mama akishapanga kitu."

"Mimi simjui? Mimi ndiye ninayekaa naye, Gaspard! Najua kahawa yake, najua dawa zake za kichwa, najua anavyolia akikata vitunguu na anavyolia bila vitunguu. Nisichokijua ni wewe."

"Nisikilize. Jumapili nitasema yote."

"Jumapili atakuwa amekaa kati yako na mimi, amejipaka manukato, na mimi napakua saladi. Utasema nini? 'Clémence, pokea mkate'?"

"Hanitra, tafadhali." Alimshika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa moto, na kidole gumba kilipita pale pale kilipozoea kupita, juu ya kifundo cha mkono. Nusura Hanitra ashindwe. Alimtazama yale macho ya kijivu, yamejaa huzuni ya kweli, na huzuni ile ndiyo iliyomchoma zaidi, kwa sababu mtu anayejua anakuumiza na bado anakuumiza utamfanya nini? "Twende pamoja. Tutazungumza njiani."

"Nitapanda na mama yako. Wewe kaa na baiskeli zako. Na usinifuate!"

Akang'oa mkono wake, akaenda chooni kunawa uso. Foleni ya wanawake ilitoka nje ya mlango ikazunguka kona. Akajipanga. Alilia kwa zamu yake, akanawa kwa zamu yake, akajitazama kwenye kioo, akajiambia, "Basi, Hanitra. Basi."

Akarudi walipoegesha.

Hapakuwa na mtu.

Alidhani amekosea mstari. Akatazama mstari wa pili, wa tatu, akarudi. Lile pipa la taka la kijani lilikuwepo, na juu yake maganda ya mayai ya Madam Corinne. Gari la Mzee Thierry halipo. Gari la Gaspard halipo. Mahali pake palikuwa pameshaingia watu wengine, wanatandika kitambaa cha kulia.

"Samahani," aliwauliza, "hapa palikuwa na gari jeusi, lina boksi juu…"

"Wameondoka zamani, dada. Wote wawili, mmoja nyuma ya mwenzake."

Alikaa chini ukingoni, pale pale juani. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko garini. Kitambulisho huko huko. Alikuwa na gauni, viatu, na karatasi ya kujifutia mikono aliyoikunjakunja ngumi nzima.

Wameniacha. Neno hilo lilimjia taratibu, likakaa. Labda Gaspard amemwambia mama yake pale pale, na mama yake akasema twendeni. Labda hivi ndivyo watu waliosoma wanavyomfukuza mtu, hawapigi kelele, wanawasha gari tu. Mwaka mzima nimemsuka mtoto wao nywele! Mshtuko ulikuwa mkubwa hata machozi yaligoma.

"Mwanangu, utaungua ubongo. Njoo kivulini."

Alikuwa mama mnene wa makamo, kajifunga kitambaa kichwani, amekaa kwenye mkeka ubavuni mwa gari lililobeba magodoro, majaba na friji juu ya paa. Walikuwa watu wa Moroko, wanarudi kwao likizo kupitia Uhispania. Alijiita Bi Fatiha. Alimsukumia glasi ya chai ya mnanaa kabla hajamuuliza jina.

"Mumeo kakusahau?"

"Sina mume. Ni familia ninayokaa nayo."

"Gari ngapi?"

"Mawili."

Bi Fatiha akapiga kofi pajani. "Driss! Unasikia? Mawili! Na mimi si mlinisahau namna hiyo karibu na Bordeaux mwaka ule, wewe na kaka yako? Kila mmoja anajua niko kwa mwenzake!"

Bwana Driss, aliyekuwa akikaza kamba za friji, alijifanya hasikii.

Hanitra alitulia na glasi mdomoni. Gaspard alimwambia mama yake anapanda kwake. Yeye akamwambia Gaspard anapanda kwa mama yake. Mungu wangu.

"Piga simu," Bi Fatiha alimpa yake. "Mpigie mmoja wao."

Gaspard alimpenda, lakini namba yake hakuijua kwa kichwa. Nani anajua namba za watu siku hizi? Namba moja tu ilikuwa kichwani mwake, ya Madam Corinne, kwa sababu alimtungia Léonie wimbo wa namba hiyo ili siku mtoto akipotea aseme. Sasa aliyepotea alikuwa mwalimu. Aliuimba kwa sauti ya chini, akibonyeza.

Simu ikapokelewa, na mlio wa gari zima ukajaa sikioni. Ilikuwa kwenye spika.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Madam. Hanitra."

"Hanitra! Simu ya nani hii? Ya Gaspard imeisha chaji? Mwambie asitubane nyuma hivyo, baba yake anakasirika."

"Siko na Gaspard, Madam."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu. Niko kituoni. Mmeniacha."

Sauti ya Léonie ikapasuka kilio, na Mzee Thierry akatoa neno ambalo mtoto hakupaswa kulisikia. Kutoka kwa Madam Corinne, Hanitra alisikia pumzi tu, fupi fupi, kama za mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Usiondoke hapo," alisema mwishowe, sauti si yake. "Usiondoke hata hatua." Simu ikakatika.

Wakasubiri. Bi Fatiha alimlisha mkate na zeituni, akamchokonoa mpaka akatoa yote, Gaspard, theluji, chumba cha bluu.

"Kwa hiyo yule mama anakuja kukuchukua, au kijana?"

"Hakuna atakayekuja. Barabara imesimama, na njia ya kugeuzia iko mbali huko mbele. Na hata wakija…" Alishindwa kumalizia. Alichotaka kujua ni kimoja tu: wakija, wanakuja kumchukua nani? Msichana wa kulea mtoto, au yeye?

Gari dogo la njano la walinzi wa barabara likaingia, taa zinazunguka. Mlango wa abiria ukafunguka, akashuka kijana amevaa kizibao cha njano cha dharura juu ya fulana, jasho linamchuruzika, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi imekatika ukanda.

"Mama wee," alinong'ona Bi Fatiha. "Ndiye huyo?"

Hanitra alisimama, glasi ikamwanguka mkekani.

"Huyu ni wako?" mlinzi alimfokea. "Nimemkuta anakimbia pembeni ya barabara kuu, kinyume na magari! Namwambia panda, ananiambia sina muda! Mchukue, na nikimwona tena barabarani atalala kwa polisi."

"Ni wangu," alisema Hanitra. Lilimtoka tu.

Gaspard alikuwa anahema, hawezi kusimama wima. "Nilidhani uko nao… Ulisema… Naapa nilidhani…"

"Najua. Pumua kwanza."

"Nimemwambia."

"Nani?"

"Mama. Amenipigia, ananifokea, 'Haya niambie, Hanitra yuko gari gani?' Nikapiga kelele. Nimesema yote, Hanitra, tangu theluji. Baba anasikia, Léonie anasikia, hata Bibi Odette alikuwa kwenye laini nyingine anauliza mmefika wapi. Nimesema nakupenda, na kama hupo sifiki popote."

Bi Fatiha alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, hana hata aibu.

"Na yeye akasemaje?" Hanitra aliuliza.

"Tulikuwa tumesimama kwenye foleni. Nikamwona anashuka kwenye gari la Baba, anakuja kwangu, anafungua mlango. Akaniambia, 'Shuka.'"

"Amekufukuza!"

"Hapana. Ameshika usukani."

"Nani?"

"Mama."

"Madam Corinne? Kwenye barabara kuu?"

"Akaniambia, 'Kimbia. Gari nitalipeleka mimi. Tunawasubiri kwenye njia ya kutokea inayofuata.' Alikuwa mweupe kama karatasi. Sijui anawaza nini, Hanitra. Sijawahi kumwona vile."

Wote wawili walitazama barabara, ambako magari yalikuwa yameanza kujikokota, na mahali fulani kati ya malori yale alikuwa mwanamke anayeogopa malori kuliko kifo. Hanitra aliogopa pia, lakini kwa jambo jingine. Mtu mwenye hasira kiasi hicho anaweza kufanya lolote.

"Haya, mnasimama hapo bure," alisema Bwana Driss, neno lake la kwanza mchana ule. "Tunapita huko huko. Ingieni."

Wakaingia. Wakakaa juu ya mablanketi, mapaja yamebanana, mfuko wa vitunguu miguuni. Gaspard alimshika mkono, na safari hii alimshika mbele za watu. Hawakuongea sana. Kila lori walilolipita, Gaspard alilitazama ubavuni kama limekwaruzwa na gari dogo.

Njia ya kutokea ilikuwa na uwanja wa kuegesha baada ya vibanda vya kulipia. Gari jeusi lilikuwepo, Mzee Thierry amesimama nje na Léonie begani. Na gari la Gaspard lilikuwepo, limekaa mshazari juu ya mistari miwili, Madam Corinne ndani yake, mikono yote miwili bado kwenye usukani.

Léonie alimrukia Hanitra shingoni, akamng'ang'ania. Hanitra akamshusha taratibu, akaenda dirishani.

"Madam."

Madam Corinne hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. "Limezimika mara tatu," alisema. "Watu wamenipigia honi, wamenitukana. Mmoja alikuwa padri."

"Pole, Madam."

"Nyamaza, mimi ndiye ninayesema. Kabla hatujaondoka pale nilihesabu mabegi. Nikauliza, baiskeli zimefungwa? Nikauliza, jibini liko kivulini? Wewe sikukuuliza. Nimekusahau kama mwavuli, Hanitra. Kila Jumapili naongea na mama yako, namwambia usiwe na wasiwasi, niko naye. Kesho Jumapili. Nitamwambia nini?"

Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, na hakutoa mkono kuyafuta, maana angetoa mkono kwenye usukani.

"Mwambie niko salama."

"Na wewe!" Sasa aligeuka, akamkuta Gaspard na kandambili yake mkononi. "Utakavyo, Mama! Umeniacha nimwalike mtoto wa watu! Nimempigia nikiwa kwenye foleni, nikamwambia asije. Kanisema maneno, tena ya haki yangu kabisa. Tangu theluji mmenifanya kipofu ndani ya nyumba yangu. Sijasema nimekubali. Sijui hata nimekubali nini. Hilo tutagombana, tena vizuri, kesho mezani kwa mama yangu. Lakini tutagombana watu wote wamekaa mezani. Hakuna wa darini."

Kwa mazoea tu Hanitra akafungua mlango wa nyuma, na harufu ikampiga usoni. Boksi la jibini lilikuwa hapo, katikati, linasubiri miguu yake.

"Baba yenu kanitupia humu nilipompa mgongo," alisema Madam Corinne. "Na wewe unakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Njoo mbele, unisomee vibao. Sioni vizuri nikilia."

"Mama," Gaspard akasogea, "shuka basi niendeshe mimi."

"Wewe kaa nyuma na jibini."

Hanitra alizunguka, akakaa kiti cha mbele. Alifunga mkanda. Madam Corinne aliwasha gari, likazimika. Akaliwasha tena. Akatazama kioo cha juu, akatazama cha pembeni, mguu uko kwenye klachi, na hakuondoka.

"Hanitra yupo?" aliuliza kwa sauti, ingawa mabega yao yalikuwa yanakaribia kugusana.

"Nipo, Madam."

"Sikusikia."

"Nipo, Corinne."

Ndipo akaachia klachi.